Nikisoma naelewa, kwenye simu naambulia patupu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo mapokezi katika hoteli moja Nungwi, Zanzibar. Barua pepe za Kiingereza nazijibu bila shida, lakini Mwingereza akipiga simu nadaka maneno mawili matatu tu. Juzi nimetuma gari uwanja wa ndege saa 12 jioni, kumbe mgeni alisema saa hiyo hawezi kufika. Msamiati nimeongeza wee, hali ni ileile. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Kamusi iweke kando, msamiati unao. Sikio lako ndilo linalosubiri Kiingereza kitamkwe kama Kiswahili. Sisi kila irabu tunaipa haki yake. Mwingereza hukaza maneno yanayobeba habari, na vidogo kama "to", "of" na "and" anavimeza. "What do you want" inakufikia "woja wont". Ukingoja maneno manne, utaona mawili yamepotea.

Gari lako nadhani liliponzwa na "can't". Katikati ya sentensi, "can" hutamkwa "kn", irabu karibu haisikiki. "Can't" ya Uingereza ni "kaant", yenye "aa" ndefu, na "t" ya mwisho mara nyingi haisikiki. Kwa hiyo ukisikia "kaan" nzito, mtu anakataa. Anayekubali, neno hilo utalisikia kwa mbali. Wengi wetu tunapokea kinyume. Tena tunakosea hata tukisema sisi: "we can" tunaikaza mno, mgeni anabaki anajiuliza kama tumekubali au tumekataa.

Simu nayo inaongeza kazi. Laini ya kawaida, ya mtindo wa zamani, hupitisha sauti za masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya hezi 300 hadi 3400 hivi, na sehemu kubwa ya kinachotofautisha "s" na "f" iko juu ya hapo. Si wewe tu. Wenyeji wenyewe wakitaja jina herufi kwa herufi husema "Sierra" kwa S au "Foxtrot" kwa F. Fanya hivyohivyo. Kwa "fifteen" na "fifty" usibahatishe, uliza: "One five or five zero?"

Mazoezi yako yawe imla. BBC Learning English wana kipindi cha 6 Minute English, na maandishi yake yapo kwenye tovuti yao. Chukua sekunde 20 tu. Sikiliza, andika, rudia mpaka uchoke, ndipo ufungue maandishi na kupigia mstari ulichokosa. Utakuta karibu vyote ni vile vidogo. Kisha sema pamoja na msemaji, umeze anapomeza. Hapa ndipo watu hukimbia, wanaona aibu kuonekana wanajifanya Wazungu. Jifungie chumbani, lakini usiiruke hatua hii. Filamu zenye maandishi chini ni burudani nzuri, ila jicho husoma na sikio likasinzia.

Wakati sikio linakomaa, usikate simu kabla hujarudia siku, saa na idadi ya watu kwa kinywa chako. Na usimalizie na "okay?", maana mtu mwenye haraka atajibu "yes" kwa lolote. Sema "So, six p.m., four people", kisha nyamaza, umwachie nafasi ya kukusahihisha.