Plota haisomi maki, au inasoma halafu inakata pembeni: kwa mnaoanza kazi ya stika

Jamani mnaoanza, hili niliseme mapema maana limeshanitoa jasho sana: plota (mashine ya kukata stika) ikigoma kusoma maki (vile vialama vyeusi vya kwenye kona vinavyoionyesha pa kukata), usikimbilie kufungua kava wala kumpigia fundi. Mara nyingi plota haina kosa, shida ilianzia kwenye kuprinti huko.

Kwanza jua una tatizo lipi. Kuna ile sensa (jicho la plota) inatembea juu ya stika inatafuta, inarudi, inatafuta tena, mwisho inaleta era (ujumbe wa kosa). Hiyo haioni. Na kuna ile inasoma zote fresh kabisa, inakata, ukija kumenya unakuta upande mmoja umebaki mweupe na upande wa pili nembo imeliwa. Hiyo inaona ila inapotea njiani, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Tuanze na isiyoona. Sensa inamulika kwa kijitaa chake halafu inapima mwanga unaorudi, kwenye nyeupe unarudi mwingi, kwenye nyeusi kidogo, basi, haina akili nyingine. Kwa hiyo chochote kinachoharibu huo mwanga kinaiharibia kazi. Kuna siku nilikuwa na oda ya lebo za asali, asubuhi roli inasoma bila tabu, kufika saa tisa hivi ikaanza kugoma, nikafuta sensa kwa pamba, nikabadilisha faili, nikaprinti upya mita nzima (hasara yangu hiyo), kumbe jua la mchana linaingia mlangoni na kupiga palepale sensa inaposoma. Nikasimamisha boksi tupu la vinili (ile plastiki ya stika) likaweka kivuli, ikasoma. Boksi tu! Tangu siku hiyo plota yangu imegeuzwa inatazama ukuta.

Leminesheni ya kung'aa (plastiki ya kufunika juu ya printi) nayo ni hivyohivyo, inarudisha mwanga hata juu ya nyeusi. Bandika kipande cha selotepu ile ya ukungu isiyong'aa juu ya kila maki, utashangaa. Nyeusi ikiwa imefifia pitishia maka peni, ila taratibu, usinenepeshe mstari. Na uache nafasi nyeupe kuzunguka maki, usiweke rangi ya bakgraundi mpaka hapo, sensa itadhani ndo yenyewe. Wa Cameo (plota ndogo za Silhouette), maki zenu ni kiboksi kimoja cheusi juu kushoto na kona mbili, sasa ukiingiza karatasi kichwa chini itatafuta kiboksi mahali ambapo hakipo. Halafu unene na urefu wa maki uliouweka kwenye programu ufanane na uliouweka kwenye mashine, hili watu wanalisahau kila siku.

Sasa inayokata pembeni. Usibahatishe, chukua rula. Kama stika zote zimehama upande uleule kwa kiasi kilekile, tuseme milimita 1 kulia kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, hiyo ni kalibresheni ya sensa na kisu (havijalinganishwa), ingia kwenye menyu urekebishe. Kama ya kwanza iko sawa halafu kosa linakua kadri roli inavyoenda, vinili inateleza au imeingia upande, angalia roli za kubana zimekaa sawa na zinabana sawasawa, na kazi ndefu igawe vipande vipande kila kimoja na maki zake. Pima pia umbali wa maki kwa maki: kwenye faili ni milimita 600, kwenye stika unapata 597, maana yake mtu kaprinti kwa "fit to page" (kubana picha ienee kwenye ukurasa) badala ya asilimia 100, au vinili imenywea.

Kunywea kwenyewe mara nyingi ni haraka zetu. Wino wa solventi haujakauka unaleminesha, stika inajikunja pembeni, maki zinahama. Mimi naiacha siku nzima, mteja akilalamika namwambia ukweli. Kuna mmoja aliondoka kwa hasira, akarudi wiki ileile.

Na kabla hujakata roli nzima toa kisu uweke peni, ichore stika mbili tatu kwanza. Mstari ukipita pale unapotaka, rudisha kisu uendelee.