Konsila inayogeuka majivu juu ya madoa

Dada, unasema ukipaka konsila, yaani krimu ya kuficha madoa, madoa ya chunusi yanaonekana ya kijivu badala ya kufichika. Tatizo ni rangi. Wengi tunanunua yenye rangi angavu kuliko ngozi yetu, na juu ya doa jeusi inageuka majivu. Anza na krimu ya kusawazisha rangi, ya chungwa, tone dogo juu ya doa tu, kisha konsila inayolingana kabisa na ngozi yako. Ijaribu kwenye taya, nje penye mwanga wa mchana; taa za dukani zinadanganya mno! Ipigepige kwa kidole, usisugue, maana ukisugua unaiondoa. Poda kidogo juu. Kama bado una chunusi mbichi, chagua isiyoziba vinyweleo, na usilale nayo.