Lesi ya kitanda cha mfumi: ifue kwanza ndo uihukumu

Wadogo zangu mnaoanza kufuma, hasa nyie wa hapa Mwanza mnaoniulizaga kuhusu lesi, nawaomba msiihukumu ikiwa bado kwenye kitanda, yaani mashine ya kufumia. Pale nyuzi zimevutwa zimekakamaa, matundu hayawezi kufunguka, unaona tu nyuzi zimeruka ruka unadhani umeharibu. Mi sampo yangu ya kwanza nilitaka kuitupa kabisa, mwisho nikaiweka kwenye beseni, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikaibonyeza bonyeza taratibu nikaianika barazani hapa Kirumba, upepo wa ziwa ukaikausha, jioni naiinua kwenye mwanga matundu yote yamefunguka kama nyavu ya dagaa! Niliishika mpaka giza likaingia.

Siri ni ule mshindio (uzi unaopita kwa upana) unaoruka. Ukipita juu ya nyuzi tano za mtande (zile za urefu zilizovutwa kwenye mashine) bila kufungwa, maji yakiingia unazivuta zile tano zinabanana, na pale kundi linapoachana na jirani yake ndo tundu linatokea.

Anzeni na lesi aina ya Bronson, fremu nne (zile zinazoinua nyuzi za mtande) zinatosha. Kundi la kwanza ni nyuzi sita za mtande, unazipitisha moja moja kwenye fremu namba 1-3-1-3-1-2, la pili 1-4-1-4-1-2. Kitambaa cha kawaida unainua fremu 1 unapitisha mshindio, halafu 2-3-4 pamoja unapitisha tena, unarudia hivyo hivyo. Ukitaka lesi kwenye makundi ya fremu ya 3 unainua 1, 2-4, 1, 2-4, 1, unamalizia 2-3-4, makundi ya fremu ya 4 yanabaki kawaida. Ukitaka lesi kote, pale pa 2-4 inua 2 peke yake. Uzi wa fremu ya 2 muulinde sana jamani, ndo ukuta kati ya kundi na kundi, mi kuna siku niliutia mmoja kwenye fremu ya 3 kwa haraka, mshindio ukaruka nyuzi 11 badala ya tano na kile kitambaa kilikuwa kinanasa kila kitu, pete, kucha, yaani kila kitu.

Nafasi nayo. Kama umezoea kupanga nyuzi 20 za mtande kwa inchi, kwa lesi shuka mpaka 16 au 18, na kitana (kile cha kusukumia mshindio) usikipige kwa hasira, mishindio kwa inchi ilingane na mtande. Uzi uwe laini uliosokotwa vizuri, wenye manyoya unaziba matundu.

Kwenye kubuni chukua daftari la hesabu, kisanduku kimoja ni kundi moja la nyuzi sita, paka rangi panapokuwa lesi, pembeni acha kawaida ili pindo lisilegee. Halafu fuma sampo, pima, kata katikati, nusu ifue nusu iache, pima tena (yangu ya pamba inchi 10 ilirudi 8 na nusu), zishonee zote kwenye ukurasa wa huo mchoro.