Usifunge kwa sababu ya kilo zilizorudi Jumatatu

Dada, iweke hiyo chai kando kwanza, kisha usome. Umeandika kwamba wiki ya kwanza bila ugali wala chapati ilikuondolea kilo 3, kwamba baada ya harusi ya Jumamosi huko Kitengela mizani imekurudishia kilo 1.8 kufikia Jumatatu, na kwamba kocha wako amekuagiza ufunge kwa maji matupu hadi Alhamisi, uache chumvi kabisa, na unywe chai ya kusafisha tumbo asubuhi na jioni. Umeshakunywa kikombe cha kwanza na unahisi kizunguzungu. Umeuliza pia kuhusu mama yako anayetumia dawa za kisukari na anayetaka kuanza mlo huu pamoja nawe. Agizo ulilopewa ndilo nililopewa mimi, karibu neno kwa neno, na lilinilaza hospitalini.

Kilo hizo 1.8 si mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, kwa hivyo ili upate kilo 1.8 za mafuta kati ya Jumamosi na Jumatatu ingekubidi ule karibu kalori 14,000 juu ya zile ambazo mwili wako ulizitumia, yaani zaidi ya chapati 40 baada ya kumaliza milo yako ya kawaida. Kilichorudi ni maji. Mwili huhifadhi wanga ndani ya ini na misuli kwa umbo la glaikojeni, ambayo kwa mtu mzima hufika gramu 500 hivi, na kila gramu hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ukiacha wanga, akiba hiyo hutumika na maji yake hutoka kwa mkojo, na ndiyo maana siku zile za mwanzo ulikuwa huishi kwenda msalani. Isitoshe, ukipunguza wanga, insulini, homoni inayoratibu sukari ya damu, nayo hupungua, na inapopungua, figo huachilia chumvi nyingi zaidi, nayo chumvi hutoka pamoja na maji. Sahani ya pilau na viazi ikirudi, akiba hujazwa upya, na maji hurudi mahali pake kwa muda mfupi. Maharagwe yaliyolowekwa hadi asubuhi huongezeka uzito, ilhali hakuna hata punje moja iliyotiwa juu yake.

Hata zile kilo 3 za kwanza, ambazo kocha wako alizishangilia mbele ya kundi zima, sehemu yake kubwa ilikuwa maji hayo hayo, na jambo hilo ndilo linalonichoma. Mtu anayelipwa kila mwezi kwa M-Pesa ili awaongoze wengine anapaswa kuwaeleza siku ya kwanza kwamba namba itaporomoka, kisha itasimama, kisha itapanda na kushuka bila sababu inayoonekana. Hawaelezi, kwa kuwa mporomoko wa wiki ya kwanza ndio unaomletea wateja wapya, na kupanda kwa wiki ya pili ndiko kunakomwezesha kuuza chai.

Kocha wangu alikuwa na kundi la WhatsApp ambamo kila alfajiri tulitakiwa kutuma picha ya mizani, na yeyote aliyepanda alitajwa jina mbele ya wenzake. Nilirudi kutoka ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya binamu yangu huko Murang'a, nikiwa nimekula mukimo kama wageni wengine, nikatuma picha. Alinijibu kwamba nimeyaharibu yote, akaniagiza nifunge, niache chumvi, ninywe maji lita kwa lita, na ninunue pakiti yake ya majani. Pakiti yenyewe haikuwa na jina la kiwanda, na kiambato chake kikuu kilikuwa sena. Sena huusukuma utumbo mpana, ilhali chakula hufyonzwa hasa kwenye utumbo mwembamba kabla ya kufika huko, kwa hivyo inachotoa ni maji na madini, wala haigusi mafuta. Mizani ilishuka tena, na kila iliposhuka kocha alitia alama ya moyo chini ya picha yangu, nami nikaiamini alama hiyo kuliko misuli ya miguu iliyokuwa ikinikaza usiku hadi nikasimama ukutani.

Nilizimia nikishuka ngazi za jengo tunalofanyia kazi mjini na nikavunjika kifundo cha mkono. Daktari wa zamu alipopata majibu ya damu alinieleza kwamba sodiamu na potasiamu zilikuwa zimeshuka mno. Maji matupu kwa wingi, bila chumvi wala chakula, yalikuwa yameishusha sodiamu zaidi, na ile chai ya kuendesha ilikuwa imekausha potasiamu. Aliniwekea dripu na kuufuatilia moyo wangu kwenye mashine, kwa sababu potasiamu ikishuka sana mapigo ya moyo huweza kwenda mrama. Bili ilimeza karo ya muhula mzima ya kifungua mimba wangu. Nilipomwandikia kocha nikiwa kitandani, alinijibu kwamba sikuwa nimefuata maagizo sawasawa, kisha akaniondoa kwenye kundi.

Kwa hivyo nakusihi ushike jambo hili moja: usibadilishe chochote katika mlo wako kwa sababu ya namba ya asubuhi moja. Linganisha wastani wa wiki na wastani wa wiki nyingine, na usitoe hukumu yoyote kabla ya majuma manne kupita. Nunua daftari dogo. Weka mizani juu ya sakafu ngumu, si juu ya zulia, ujipime ukishatoka msalani kabla ya kula au kunywa, kisha uandike namba na uondoke bila kuitafakari. Wale vijana wenye mizani kando ya barabara mjini hukupima ukiwa na viatu, mkoba na chakula cha mchana tumboni, kwa hivyo namba zao zisiingie humo. Daftari langu lina wiki inayosomeka hivi: 84.2, 83.6, 84.9, 84.4, 83.9, 85.1, 84.3. Ukiitazama ile 85.1 peke yake utalia, lakini wastani wa wiki hiyo ni 84.3, na wa wiki iliyofuata ulikuwa 83.7. Nilikuwa nikipungua muda wote huo. Siku kadhaa kabla ya hedhi mwili hushika maji, na hapo hata wastani wa wiki unaweza kupanda, kwa hivyo wiki hiyo ilinganishe na ile ya mwezi uliopita iliyoangukia wakati kama huo. Nyama choma yenye chumvi ya kuchovya nayo hupandisha namba ya kesho yake, vilevile siku ambazo choo hakijatoka, jambo la kawaida kwa mtu aliyepunguza githeri na matunda bila kuongeza sukuma, managu au terere. Pima kiuno kwa tepu ya fundi cherehani mara moja kwa mwezi, kwa maana kiuno hakiyumbishwi na chumvi ya jana kama mizani inavyoyumbishwa.

Mama asianze kabla ya kumwona daktari wake. Akiwa anatumia insulini au glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, na akaacha wanga ghafla, sukari inaweza kushuka hadi azimie, kwa hivyo ni lazima dozi ipangwe upya kabla ya mlo kubadilika, wala si baadaye. Dawa za shinikizo la damu pia huenda zikahitaji kupunguzwa.

Leo usifunge. Ikiwa huna ugonjwa wa figo, wa moyo wala wa shinikizo la damu, pika supu ya mifupa, itie chumvi ya kutosha kuhisika ulimini, na uinywe pamoja na mayai, mboga za majani na avokado, ambayo ina potasiamu nyingi. Kunywa maji kwa kiasi cha kiu yako. Kizunguzungu kisipotulia, au moyo ukienda mbio, misuli ikikaza, au mawazo yakianza kuchanganyika, nenda hospitali usiku huo huo na uibebe pakiti ya chai, ili daktari asome mwenyewe kilichomo.