Anzia Ukurasa wa Mwisho: Kwa Anayeanza Kukusanya Matoleo Yenye Saini

Kitabu cha fasihi ya kale kilichotolewa kwa nakala chache zenye saini kikikufikia mkononi, kifungue kwa nyuma. Ngozi ya jalada na maandishi ya dhahabu mgongoni vimewekwa kukuvuta, na vinaifanya kazi hiyo vizuri. Habari yenyewe imo kwenye ukurasa wa mwisho, pale mchapaji anapoeleza kitabu kilipigwa chapa wapi, kwa herufi gani, juu ya karatasi gani, nani alichora, nakala ngapi zilitolewa na hii uliyoshika ni ya ngapi. Saini nayo kwa kawaida iko hapo hapo. Wachapaji wengine huuweka ukurasa huo mbele, karibu na jina la kitabu. Popote ulipo, usome wote kabla hujauliza bei.

Wanaoanza husoma saini na namba, wakaruka yaliyo katikati. Kwangu mimi yaliyo katikati ndiyo kitabu.

Hebu tuimalize habari ya saini mapema, maana ndiyo inayowatoa watu akili. Katika fasihi ya kale mwandishi hayupo wa kusaini. Homer, Virgil, Ovid na Aristophanes, watunzi wa Ugiriki na Roma za kale, hawakumsainia mtu nakala. Kwa hiyo saini utakayoikuta ni ya mchoraji, au ya mfasiri, au ya fundi aliyesanifu kurasa. Jiulize kila mara: huyu aliyesaini alifanya nini humu ndani? Mchoraji aliyechonga mbao za kupigia chapa picha kwa mkono wake ana haki ya kulipiwa saini yake. Mtu mashuhuri aliyeombwa utangulizi wa kurasa mbili, saini yake ni pambo, na pambo usilinunue kwa bei ya kazi.

Chukua Lysistrata, tamthilia ya Aristophanes, iliyotolewa na Limited Editions Club mwaka 1934. Klabu hiyo aliianzisha George Macy huko New York mwaka 1929, mwaka uleule soko la hisa la Marekani lilipoporomoka. Mpango wake ulikuwa rahisi kueleza: wanachama 1,500, kitabu kimoja kila mwezi, kimepigwa chapa na mafundi bora wanaopatikana, na kwa kawaida mchoraji au msanifu anasaini kila nakala. Ajabu ni kwamba klabu iliuvuka mdororo ule wa uchumi. Kwa Lysistrata, Macy alimpata Picasso, akatoa picha sita za bamba la shaba pamoja na michoro mingine iliyotawanywa ndani ya matini, kisha akasaini nakala zote 1,500. Leo nakala moja huuzwa kwa maelfu ya dola, ilhali vitabu vingine vingi vya klabu hiyohiyo, vya miaka ileile na karatasi nzuri kama ile, hununuliwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Tofauti ni jina.

Ukipata nafasi ya kuishika, usikimbilie saini. Tafuta moja ya zile picha sita, ulaze ukurasa na kuuinamisha kidogo ili mwanga wa dirishani uupitie kwa ubavu. Kuizunguka picha utaona karatasi imebonyea katika umbo la mstatili. Huo ni ukingo wa bamba lililogandamizwa juu ya karatasi iliyoloweshwa kidogo. Pitisha jicho juu ya mstari wa wino: umeinuka kidogo kuliko karatasi, kwa sababu wino ulitolewa ndani ya mfereji uliochorwa kwenye shaba. Kisha fungua mchoro mmoja wa ndani ya matini ufanye vilevile. Hakuna ukingo, na mstari umelala bapa. Mchoro huo umenakiliwa kwa njia ya kawaida ya uchapaji. Yote mawili ni kazi ya Picasso, lakini moja ni chapa ya asili na jingine ni nakala yake. Jicho lako likishaijua tofauti hiyo, hata muuzaji mjanja atapata taabu nawe.

Jambo hilihili ndilo lililoviponza vitabu vingi. Picha za mchoraji mkubwa zikitolewa na kuwekwa fremu moja moja, jumla yake inaweza kupita bei ya kitabu kizima, na wapo wasioona haya kukichana. Kwa hiyo hesabu picha. Ukurasa wa mwisho au orodha ya michoro itakuambia ziwe ngapi. Zihesabu mwenyewe, usimwachie mwingine. Angalia pia sehemu ya ndani kabisa, karibu na mshono, kama kuna kijikia cha karatasi kilichobaki baada ya ukurasa kukatwa. Wakati mwingine kijikia hicho ni cha halali, kimewekwa na mjalidi ili abandike picha juu yake. Kikiwa kitupu, uliza.

Mwaka uliofuata, 1935, klabu ilitoa Ulysses ya James Joyce ikiwa na picha za Matisse. Riwaya hiyo si ya kale, lakini nimeileta kwa makusudi, kwa sababu Matisse alichora matukio ya Odyssey, utenzi wa Homer ambao riwaya hiyo inaufuata, badala ya mambo ya Dublin yanayosimuliwa humo. Nakala 1,500 zina saini ya Matisse, na kati ya hizo 250 zina ya Joyce pia. Matini ni yale yale, picha ni zile zile, karatasi ni ile ile, na bei zimeachana mbali. Ukitaka picha za Matisse, nakala yenye saini yake peke yake inakutosha. Ukitaka wino wa Joyce, basi jua kwamba unakusanya saini, na hiyo ni kazi nyingine yenye mitego yake.

Tena vitabu vikubwa kuliko vyote katika ufundi huu mara nyingi havina saini kabisa. Chaucer, yaani kazi za mshairi wa kale wa Uingereza mwenye jina hilo, ya Kelmscott Press, matbaa ya William Morris kule Hammersmith, London, ilitoka mwaka 1896: nakala 425 zilizopigwa chapa juu ya karatasi na 13 juu ya ngozi, zikiwa na picha 87 za mchoraji Burne-Jones. Thamani yake haikuhitaji saini. Odyssey iliyofasiriwa na T. E. Lawrence ilitolewa Uingereza mwaka 1932, nakala 530, kwa usanifu wa Bruce Rogers. Kila wimbo unafunguliwa na duara la dhahabu lenye sura nyeusi, kwa mtindo wa vyombo vya udongo vya Wagiriki. Ukiziona duara zile mara moja, hutauliza saini iko wapi. Anayepanga ununuzi wake kwa kigezo cha saini tu atavipita vitabu hivi bila kugeuka.

Kuhusu namba nitasema machache. Nakala namba 3 haina ubora zaidi ya namba 1,437 ikiwa zote ni za karatasi moja. Kinachobadilisha mambo ni pale toleo lenyewe linapogawanywa: nakala chache za mwanzo, pengine zenye namba za Kirumi, huwa juu ya karatasi bora au zina seti ya pili ya picha pembeni. Mgawanyo huo ukurasa wa mwisho huueleza waziwazi. Na kama ukurasa unasema tu kwamba toleo ni la wachache, bila kutaja ni wangapi, hao wachache huenda walikuwa wote walioleta fedha.

Vitabu vya Ufaransa vya wachoraji vina tabia yake. Mfanyabiashara wa sanaa Ambroise Vollard alitoa Daphnis et Chloé ya Longus mwaka 1902, nakala 250, ikiwa na litografia (picha zinazochapwa kutoka kwenye jiwe) za Bonnard. Huko Lausanne, Uswisi, Albert Skira alitoa Métamorphoses ya Ovid mwaka 1931, nakala 145, na Picasso akaipa picha 30 za bamba. Vitabu vya mkondo huu mara nyingi vilitoka matbaani bila kushonwa: karatasi zimekunjwa na kulazwa ndani ya jalada jepesi, kisha ndani ya kasha. Mgeni akiona hivyo hudhani kitabu kimevunjika, akakimbilia kwa mjalidi. Kiache kilivyo. Desturi ilikuwa mnunuzi ajichagulie mjalidi wake, na leo nakala isiyoguswa mara nyingi ndiyo inayotafutwa, isipokuwa kama ilijalidiwa na fundi mwenye jina.

Ukubwa wa mkoba wako usikuvunje moyo. Macy huyohuyo alianzisha Heritage Press mwaka 1935 ili kuwapa wasomaji wa kawaida vitabu vya klabu kwa bei nafuu: picha mara nyingi zile zile, karatasi na jalada vya kawaida zaidi, bila saini wala namba. Kwa kawaida kila kimoja kilikuja na kijikaratasi kiitwacho Sandglass, chenye maelezo ya mchoraji, herufi na uchapaji. Nakushauri uanzie hapo, na sikushauri hivyo kwa kukuonea huruma. Nunua Ovid moja ya Heritage, isome, kisha tafuta maktaba yenye ile ya klabu uziweke pamoja mezani. Maktaba kubwa nyingi huwa na chumba cha vitabu adimu, na wahifadhi wake hufurahi kumwona mtu aliyekuja kutazama herufi. Utaona nini kililipiwa na nini hakikulipiwa.

Muuzaji naye ana wajibu wa kukuambia ukweli kuhusu hali ya kitabu, lakini ana lugha yake. “Nakala nzuri” kwa wengi maana yake kitabu kina kasoro asizotaka kuziandika. Omba picha za mgongo wa kitabu, kwa kuwa ndio unaopauka kwanza kwa mwanga; za ukurasa wa saini; za kasha kwa pande zote; na za ukurasa unaotazamana na picha, ambako wino huacha kivuli baada ya miaka mingi. Uliza kuhusu madoa ya kahawia kwenye karatasi, mihuri ya maktaba, na harufu. Harufu ya ukungu haipigwi picha, nayo haitoki kirahisi. Vitabu vya klabu ya Macy vilifuatana na barua ya kila mwezi kwa wanachama. Ikiwemo, vizuri, bei itapanda kidogo. Kasha lililopasuka hurekebishika, ila ukosefu wake utakusumbua siku ya kuuza.

Saini za kughushi zipo, ingawa katika matoleo haya si nyingi kama watu wanavyohofia, kwa sababu karatasi za kusainiwa zilipelekwa kwa mchoraji kabla kitabu hakijajalidiwa, na ukurasa ule ni sehemu ya kitabu. Hatari kubwa zaidi ni saini iliyopigwa chapa pamoja na matini na kuuzwa kama ya mkono. Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Kalamu hutoa mstari unaonenepa na kukonda, na pale mistari miwili inapopishana wino huwa mzito. Penseli hung'aa ukiinamisha ukurasa, na chembe zake hukaa juu ya nyuzi za karatasi. Ukiona vidoti vilivyopangwa safu, funga kitabu ukirudishe.

Lenzi hiyohiyo itakuonyesha uchapaji. Herufi za madini ya risasi hukandamiza karatasi na wino hukaa kwenye kijibonde kidogo. Siku hizi kuna wachapaji wanaokandamiza kwa nguvu mpaka upande wa pili unavimba, wakiamini ndiyo sifa. Mafundi wa zamani wangewafukuza kazi. Mkandamizo mzuri unauhisi kwa kidole kwa shida, na unauona mwanga ukiupitia kwa ubavu.

Kuvitunza si kugumu. Mikono safi iliyokauka inatosha. Glavu za pamba hufanya vidole viwe vizito na kurasa zikachanika. Usivute kitabu kwa kukishika kichwa cha mgongo: inamisha kasha, kiache kiteleze chenyewe mkononi. Vikubwa vilaze, vya wastani visimame bila kubanana. Epuka jua na ukuta wenye unyevu. Jalada la ngozi ya ndama isiyotiwa dawa ya kulainisha hupinda hewa ikibadilika, kwa hiyo halipendi rafu iliyo karibu na chanzo cha joto wala dirisha la kufunguliwa kila asubuhi.

Kabla ya kununua cha pili, amua unakusanya nini. Njia ninayoipenda ni kushika matini moja na kuifuata kwa wachapaji mbalimbali. Chagua Odyssey, au nyimbo za wachungaji za Virgil, ambazo Cranach Press ya Weimar ilizitoa mwaka 1926 kwa michongo ya mbao ya Maillol, juu ya karatasi ya mkono iliyotengenezwa kwa ajili ya matbaa hiyo. Matini yakiwa yaleyale, macho yako yanabaki huru kutazama kile kilichobadilika: upana wa ukingo mtupu, uzito wa herufi kando ya picha, mahali msanifu alipoamua mstari ukatike. Wengine hufuata mchoraji mmoja, wengine matbaa moja. Anayejaribu kukamilisha orodha nzima ya klabu ya Macy atajikuta na rafu ndefu ya vitabu ambavyo nusu yake havipendi, kwa kuwa klabu ililazimika kutoa kitabu kila mwezi, na si kila mwezi ulikuwa na Picasso.

Weka daftari. Kwa kila kitabu andika kilitoka kwa nani, tarehe, bei, hali yake siku ulipokipokea, na idadi ya picha ulizozihesabu mwenyewe. Risiti na maelezo ya muuzaji viweke kwenye bahasha tofauti, si ndani ya kitabu, kwa sababu karatasi ya bei rahisi huacha doa la njano kwenye ukurasa iliolalia.