Usiivunje Orodha Yako Ndefu, Jifunze Kuruka

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii akiuliza kama aigawe orodha yake kuu iwe mafaili madogo madogo, maana kila akitaka kitu humo anaskroli mpaka anakata tamaa. Nimemjibu palepale: usiigawe, jifunze kuruka, yaani kwenda moja kwa moja kwenye kichwa unachokitaka bila kuskroli. Ukiwa na mafaili mengi, kabla ya kutafuta kitu itabidi kwanza utafute faili lenyewe.

Mimi naandika kila kitu mahali pamoja, ndani ya Org-mode, sehemu ya kuandikia orodha zenye ngazi kwenye Emacs, programu ya kuhariri maandishi. Vikao, kazi, simu nilizopokea, mawazo ya makala, vyote vimo kwenye faili moja lenye ngazi juu ya ngazi. Mwenzangu mmoja kazini aliwahi kuliona akaliita jalala, tena mbele za watu. Sijasahau. Basi juzi kikaoni mkuu wetu akauliza ni nani aliyekabidhiwa ule mkataba wa zamani. Wenzangu wakaanza kupekua barua pepe. Mimi nikabonyeza Ctrl+U, Ctrl+C, Ctrl+W, nikaandika "mkataba", vichwa vichache vikajitokeza, nikachagua kimoja. Nilishasoma jina na tarehe, wao bado wanapekua. Yule wa jalala alikuwa amekaa pembeni yangu, na alinyamaza kimya. Nilifurahi, siwafichi.

Amri hiyo kwa kawaida huhamisha kichwa kutoka sehemu moja kwenda nyingine, lakini ukiitanguliza kwa Ctrl+U haihamishi chochote, inakupeleka tu. Usipogusa mipangilio itakuonyesha vichwa vya ngazi ya kwanza peke yake, na wengi huishia hapo wakadhani haifai kitu. Badili mpangilio uitwao org-refile-targets ili ifike ngazi za ndani, kisha washa ule wa org-refile-use-outline-path uone kila kichwa pamoja na wazazi wake, yaani vichwa vilivyo juu yake. Hapo ndipo "Bajeti" ya mradi huu hutaichanganya na "Bajeti" ya mradi ule.

Hutumii Emacs? Workflowy, programu ya orodha zenye ngazi, ina Ctrl+K ya kurukia. Obsidian, programu ya kuandikia kumbukumbu, ina Ctrl+O, ila hiyo ni ya majina ya mafaili, ukitaka vichwa vya ndani, anza kiungo kwa [[## na vitajileta. Hata Word ukibonyeza Ctrl+F hufungua kidirisha cha pembeni chenye orodha ya vichwa, na ajabu ni kwamba watu wana ripoti ndefu kupindukia na hawajawahi kukigusa. Wala si jambo la jana: Douglas Engelbart, mvumbuzi wa mambo ya kompyuta, alionyesha orodha zenye ngazi, za kukunja na kurukia, San Francisco mwaka 1968. Hakuna sababu ya mtu wa leo kuskroli.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Programu haiwezi kukuletea kichwa usichokumbuka jina lake. Nikiona mtu ameandika "Mkutano", chini yake "Mengineyo", chini tena "Mkutano", najua atahangaika. Kile kichwa changu cha kikaoni kimeandikwa "Mkataba wa zamani: nani anaufuatilia". Ni kirefu, ndiyo, lakini yale ndiyo maneno yatakayonijia siku nitakapoulizwa. Unapoandika kichwa, jiulize utakuwa unatafuta nini siku utakayokihitaji, kisha andika hilo. Nimelisema hili mara nyingi na nitalisema tena: kichwa kiandikwe kwa ajili ya mtafutaji. Kutafuta maneno ya ndani ya mistari kuwe njia ya pili, kwa sababu neno kama "mkataba" huweza kukurudishia nusu ya faili.

Jambo jingine ni kurudi. Ukiruka ukasahau ulikotoka, umepoteza kazi uliyokuwa ukiifanya. Kwenye Org-mode natia alama kwa Ctrl+C kisha %, naruka, na nikimaliza Ctrl+C kisha & hunirudisha. Obsidian kwenye kompyuta ya Windows hurudi kwa Ctrl+Alt na mshale wa kushoto.

Kwa msomaji wangu: usikae kubadili vichwa vyote kwa siku moja, utachoka uache. Anza na vya mwezi huu. Vya zamani vipe majina mapya kila unapovifikia kwa shida, maana hivyo ndivyo utakavyovitafuta tena.