Ng'ombe wa Mnadani: Jiulize Katolewa Kundini kwa Nini

Hakuna mfugaji anayepeleka mnadani ng'ombe anayejaza ndoo na kuzaa kila mwaka, labda awe na shida ya pesa. Kwa hiyo kabla hujataja bei, jiulize huyu katolewa kundini kwa nini. Hashiki mimba? Kiwele kimeharibika? Anachechemea, au anapiga mateke kila akikamuliwa? Uzee ndio sababu nyepesi kuliko zote. Nimenunua vikongwe wa kunenepesha na sikujuta. Kinachoninyima usingizi ni zile sababu ambazo muuzaji hasemi na dalali hataki kuzijua.

Kiwele ndicho kinachowapumbaza wengi. Ng'ombe asipokamuliwa tangu jana yake, kiwele hujaa na chuchu hutanuka, na mnunuzi mgeni anaanza kuhesabu lita. Mimi huinama nikabonyeza robo moja moja, yaani zile sehemu nne za kiwele, kila moja na chuchu yake. Iliyo ngumu ndani, au iliyosinyaa kuliko wenzake, imeshaugua. Kisha naomba kukamua matone ya kwanza juu ya kitu cheusi. Nikiona mabonge, majimaji au damu, naondoka. Nikikatazwa kukamua, naondoka vilevile. Na maziwa meupe safi bado si hakikisho: bakteria kama Staphylococcus aureus hujificha ndani ya kiwele bila dalili, dawa haziwamalizi kirahisi, na mikono ya mkamuaji huwapeleka kwa ng'ombe wako wazima.

"Ana mimba" ni maneno yasiyomgharimu muuzaji chochote. Daktari wa mifugo akipima kwa mkono anaweza kuthibitisha mimba ya miezi miwili. Wewe kwa macho huwezi, na tumbo kubwa linaweza kuwa ni maji aliyonyweshwa asubuhi. Tena mimba ya kweli inaweza kukuletea brusela. Ng'ombe mwenye ugonjwa huu mara nyingi hutupa mimba iliyokwisha kukua, na kondo lake hueneza vimelea zizini kote. Binadamu naye huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kushika kondo mikono mitupu. Huko si kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ng'ombe unamwona mzima mzima, ila ugonjwa huuoni.

Sisi wanenepeshaji tunanaswa zaidi na ugonjwa wa Johne. Ng'ombe huambukizwa angali ndama, kisha hukaa miaka miwili au zaidi bila kuonyesha lolote. Baadaye anaharisha na kukonda huku anakula vizuri. Unaona mbavu, unadhani ni njaa tu, unamlisha miezi kadhaa na haongezeki hata kidogo. Tiba hakuna, na kinyesi chake huambukiza ndama wako. Basi tazama mkia na mapaja ya nyuma. Mkia uliooshwa juu ya ng'ombe mwenye vumbi mwili mzima unanitia shaka kuliko mkia mchafu.

Dawa nazo usizisahau. Uliza kachomwa sindano gani, na lini. Kila antibayotiki ina siku za kusubiri kabla ya kuuza maziwa au kuchinja, na hapo mnadani chupa yenye maelezo hutaiona. Usipopata jibu la kueleweka, hesabu kwamba hatauzika kwa wiki kadhaa, na malisho ya wiki hizo yanatoka mfukoni mwako.

Kuhusu bei sina maneno mengi: usivuke thamani ya nyama yake, hata akisifiwa vipi. Toa humo usafiri, chakula na vipimo. Faida isipobaki, mwachie mwingine.

Ukishamnunua, asiingie zizini. Mtenge kwa mwezi hivi, mbali na ndama hasa, maji na chakula vyake peke yake. Daktari achukue damu ya kupima brusela na kinyesi cha kupima Johne. Wakati huo wote anakamuliwa wa mwisho, kwa ndoo yake na kitambaa chake, na maziwa hayo hayaingii jikoni mpaka majibu yarudi.